Nukta Moja, na Merv Akaondoka na Kikombe Chake

Mzee Clarrie mpendwa,

Naomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine kwenye safu yako ya gazeti, tena kabla ya Jumatatu, maana nimeharibu na sijui pa kuanzia. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, naandika programu katika ofisi ndogo hapa Mildura, tuko watano tu, na programu yetu ndiyo inayofungua na kufunga milango ya mifereji ya mashamba ya zabibu, na katika hao watano hakuna wawili wanaopanga mistari ya programu sawasawa, huyu anaisogeza kutoka ukingoni kwa nafasi mbili, yule kwa nne, Mzee Merv anatumia kitufe cha tab, kile kinachoruka nafasi nyingi kwa mpigo, na kila asubuhi ni ugomvi, "Nani kanipangulia faili langu?" "Kwani lilikuwa limepangwa lile?", mpaka Alhamisi nikachoka, nikaweka kile kiprogramu cha kunyoosha mistari, ambacho unakiandikia amri kwenye kidirisha cheusi pamoja na jina la faili nacho kinalipanga chenyewe, ila kidole kikateleza, badala ya jina la faili nikaweka nukta, na nukta kwetu maana yake ni kila kitu kilichomo humu, na kabla sijameza funda la chai mafaili elfu moja na mia tisa yalikuwa yamenyooshwa, nami nikayatuma kwenye hazina yetu ya pamoja, inakotunzwa kazi ya wote.

Sasa Mzee Merv, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, ana jedwali lake la milango, kila mlango na mstari wake, amelipanga kwa mkono miaka kumi na tisa, safu zimesimama kama mizabibu, ukilitupia jicho tu unauona mlango uliokosewa, na kile kiprogramu kimelibana lote limekuwa uji. Akakaa analitazama, kisha akaniuliza, "Binti, nani kapita hapa?" nami nikasema, "Sijui, Mzee, labda kompyuta imejisasisha yenyewe." Akasema, "Imejisasisha kwa jina lako?" maana tuna amri inayoonyesha kila mstari uliguswa na nani mara ya mwisho, tunaiita lawama, na sasa kila mstari pale ofisini una jina langu, hata ile iliyoandikwa nikiwa bado shule ya sekondari. Akachukua kikombe chake rafuni akatoka, na kwetu mtu akibeba kikombe ndiyo kwaheri. Jumatatu maji yanafunguliwa, na yeye peke yake ndiye anayejua kulikagua jedwali lile, na bosi wetu Noelene anasema tu, "Malizaneni ninyi wawili." Je, niache kazi, au nishikilie kuwa ni kompyuta?

Mwenye Nukta, Mildura

*

Mwenye Nukta,

Mimi shule niliiacha darasa la sita nikaenda kuchuma zabibu, lakini hata mimi najua nukta huwekwa mwisho wa maneno, siyo mwanzo wa vita.

Pole. Nimemaliza kukuhurumia, sasa nikuseme. Kidole kinaweza kuteleza kikaandika nukta, sawa. Hakitelezi kikayatuma mafaili elfu moja na mia tisa. Hapo ulikuwa wewe mzima, na kiherehere chako, unajiambia, "Ngoja niwakomeshe." Halafu ukaisingizia kompyuta, na jina lako limebandikwa kila mstari! Mwizi gani huyo anayeacha kitambulisho kwenye kila kuku?

Kuhusu ugomvi wenyewe, wala sishangai. Kitufe kinaitwa tab, mimi nakisoma tabu, na wenye nafasi hawampi mwenzao nafasi. Maji hayajali. Yanapita vilevile. Anayejali ni Merv, kwa sababu anakagua kwa macho, na wewe umempofusha.

Basi usiache kazi. Nani atalitengeneza ukiondoka? Nimemuuliza mjukuu wangu, Tahlia, anayefanya kazi kama yako. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema hazina yenu inakumbuka kila kitu kilivyokuwa Jumatano. Lirudishe jedwali la Merv leo hii, na juu yake uandike ule mstari wa kukiambia kiprogramu "hapa usiguse". Mengine yabaki yamenyooka, yalikuwa aibu. Na ile lawama inaweza kuambiwa iiruke kazi yako ya Alhamisi, kila mtu arudishiwe mistari yake na makosa yake. Siku nyingine anza na faili moja, mbele ya wote watano, mkishakubaliana.

Kisha nenda kwa Merv. Usimwandikie, nenda. Beba lamingtoni, zile keki za chokoleti na nazi, na zisiwe za dukani, atajua. Mwambie, "Ni mimi, Mzee, na nilidanganya." Ishia hapo. Hapo ndipo pa kuweka nukta.

Siri za barua huwa sitoi. Ila wiki hii nimepata mbili kutoka Mildura. Ya pili imeandikwa kwa mkono, maneno yamesimama safu safu, na mwandishi anauliza mtu mzima anarudije ofisini bila kuonekana kwamba ameshindwa na msichana aliyemfundisha mwenyewe. Anasema kikombe hakijaingia nyumbani. Tangu Alhamisi kiko kwenye kiti cha mbele cha gari, na amekifunga mkanda.

Clarrie