Mabati Hayana Kosa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekagua meno ya darasa la tatu, kama kila Jumatatu. Wawili wana ukoga, nimewafokea. Meno ni heshima ya mtu! Nasema mimi — mwalimu mkuu, miaka hamsini na sita, safu ya juu na ya chini zote za kununua. Anayejua ni fundi wa meno peke yake, na kahamia mbali, namshukuru Mungu. Mume wangu hajui. Miaka saba ya ndoa! Aliponioa aliwaambia ndugu zake kilichomnasa ni kicheko changu. Sasa ningeanzia wapi?

Ngazi za ofisini ni sita tu. Leo nimepumzika ya nne, nikajifanya nasoma matangazo.

Jumamosi, 8 Machi

Damu imepungua. Zahanati wamenipa vidonge vya chuma. Wifi yangu kaingia na sufuria la maini bila hodi. Ati kaka yake kakabidhiwa mke mzima, hataki kumrudisha kwao amepauka. Maini asubuhi, maini jioni! Na fizi zangu zimenywea, meno yanacheza mdomoni. Nimeongeza gundi ya kuyashikilia. Maelezo yanasema kidogo tu, mara moja kwa siku. Mimi tyubu nzima siku tatu. Walioandika hawajawahi kusimama mbele ya watoto mia nne asubuhi na kupaza sauti.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika ofisini na kiatu kimoja. Kingine kilibaki uwanjani na sikuhisi! Mwalimu wa zamu kaniletea kimya kimya, amekifunika kwa daftari. Nimecheka. Halafu nimefunga mlango nikajifinya vidole vya miguu, kimoja kimoja. Ganzi tupu. Naogopa.

Jumanne, 18 Machi

Hospitali kubwa. Daktari wa damu ni binti mdogo, kaniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha kaniambia vidonge vya chuma basi. Chuma ninacho tele, kimezidi! Wifi kanuna kama vile katukanwa yeye. Kauliza mtu anakosaje damu na chuma kimejaa. Daktari kasema unga upo gunia zima, mpishi ndiye haupiki. Wifi kauliza, mpishi ni nani, yeye?

Lazima wachukue uboho kwenye mfupa wa nyonga, wautazame. Nesi akajaza fomu. Ana mzio? Hapana. Meno ya bandia? Kabla sijafumbua mdomo mume wangu kadakia: andika hapana, haya ni yake, mimi shahidi! Kaniomba nitabasamu nesi aone. Nikatabasamu. Safu ya juu ikashuka kidogo. Nikairudisha kwa ulimi.

Sindano ya ganzi, kisha ile nene. Nesi ananihimiza niume meno, nivumilie. Mama yangu! Niyaume na nini?

Ijumaa, 28 Machi

Majibu. Wamepaka uboho rangi ya buluu na chembe changa za damu zimeonekana zimevaa pete. Vipunje vya chuma vimezunguka kiini, vimekwama hapo, havitumiki. Mume wangu kafurahi, kadhani pete ni heri. Daktari kamwambia si heri, mzee wangu.

Kisha maswali. Pombe? Hata harufu sijui. Dawa za kifua kikuu? Sijawahi. Kazi ya betri, rangi, risasi? Nafundisha hesabu. Kuna kurithi, kuna uboho wenyewe kuharibika — hapo mume wangu kanishika mkono kwa nguvu. Lakini vipimo vya damu vimeonyesha jambo jingine: shaba karibu haipo, zinki imepita kiasi. Zinki ikizidi, shaba inafukuzwa, na bila shaba damu haitengenezeki. Inatoka wapi hiyo zinki? Tukiikatiza, damu inarudi. Tukichelewa, miguu huenda isirudi. Kanipa siku mbili nifikirie vizuri inakotoka.

Mume wangu kauliza, zinki ndiyo nini? Daktari akasema, ni hiyo hiyo wanayopaka kwenye mabati. Mume wangu akaanza kuhesabu kitu kwa vidole. Namjua akihesabu.

Nyumbani nimejifungia bafuni nikasoma tyubu, herufi zake ndogo kama mayai ya chawa. Mstari wa tatu: zinki. Nimekaa juu ya ndoo. Nikiacha gundi, meno hayakai, na kila mtu atajua. Nikiendelea, miguu inakufa. Mwanafunzi wa darasa la pili angelijibu hili swali! Mimi nalala nalo.

Jumamosi, 29 Machi

Saa tatu asubuhi. Mume wangu yuko juu ya paa la jiko na fundi. Wanabandua mabati!

Ameanza alfajiri. Ndoo za bati zote kampa jirani. Tangi limepinduliwa uani. Wifi anapokea misumari kwa kanga, anaapa siku zote aliyashuku haya mabati. Mbingu zimeziba, mvua iko njiani. Nimemwambia ashuke, daktari hakusema paa. Kanijibu kwa upole, huku jasho linamtoka, kwamba yeye nyumba atajenga nyingine, mke wa kucheka naye hatapata.

Nimelia. Bati la nne limeshuka.

Nimeingia chumbani. Nimetoa safu ya juu, nimetoa ya chini, nimeyaweka mezani juu ya leso, na tyubu pembeni. Nimesimama dirishani nikamwita kwa nguvu, hivi hivi, mdomo mtupu.

Nyundo imenyamaza. Nimemsikia anamuuliza fundi, ni bibi gani huyo anayemwita?

Nimejibu ni mimi. Nimerudia, maana mara ya kwanza haikueleweka.

Ngazi inalia. Anashuka.