Chupa Ambayo Anastazia Hajaifungua

Kumbukumbu ya marehemu Aloyce Rwegoshora
Guangzhou, 2007

Mwaka umekatika, Baba Sarah, tangu moyo wako usimame ghafla, hujamuaga mtu, na sufuria ya ndizi ikiwa bado jikoni. Tunakuandikia tukiwa hapa hapa Xiaobei, ambako maghorofa yanazidi kuota na wewe huyaoni.

Tunakukumbuka ukipita mtaa wa Dengfeng na chupa yako kifuani, umeifunika kitambaa cheusi isipigwe na mwanga. Dada Françoise, yule Mkongomani wa kibanda cha simu, hakukubali upite bure.

"Docteur, mutoto analala?"

Nawe, uso mkavu: "Amelala. Msimwamshe."

Mtaa mzima ulicheka, hata Wachina wenye maduka walicheka bila kujua wanacheka nini.

Mtoto huyo alikuwa jeli ya polima uliyokuwa ukiipikia hospitali, safi kama maji ya kunywa. Hukuchoka kutueleza: inapigwa mionzi ileile atakayopigwa mgonjwa, na pale mionzi inapotua, jeli inageuka nyeupe. Hivyo daktari anaona dozi imeangukia wapi kabla mtu hajalala kwenye mashine. Ulikuwa ukiukodolea macho ule weupe mpaka chai yako inapoa. Tulikuita mpishi wa uji, ukaitika.

Kisha mkeo Anastazia akapata uvimbe nyuma ya jicho la kushoto. Jeli yake uliipika kwa mikono yako. Asubuhi ya kipimo ukapitia nyumbani kumchukua, ukaiweka chupa mezani, ukaenda kunawa. Naye, miaka yote ya kununua nguo soko la Sanyuanli, hajawahi kupokea mzigo bila kuufungua akaukagua. Akafungua kifuniko, akanusa, akafunga. Hewa ikaingia, na jeli hiyo ikiguswa na hewa huharibika. Jeli ikapigwa mionzi na haikugeuka.

Alilia sana siku ile. Wewe ukamtania kwa jina la bosi analoitwa na wauzaji wake Wachina: "Laoban, mzigo huu haukaguliwi!"

Hospitalini walitaka waanze tiba bila kipimo, maana foleni ilikuwa ndefu. Ukakataa katakata. "Ni jicho la mke wangu. Napika tena." Ya pili ikageuka nyeupe vizuri, na ule weupe ulikuwa umelalia upande wa jicho, pasipotakiwa kuguswa kabisa. Tiba ikapangwa upya. Uvimbe ukaisha, na jicho linaona mpaka leo.

Tunakupenda, Aloyce. Tunakosa hata ile sauti yako iliyokuwa ikiipoteza kwaya nzima Jumapili, nawe huna habari.

Anastazia bado anafungua kila furushi pale kwenye maduka ya Tianxiu, na wauzaji bado wanamnunia. Chupa moja tu hajagusa kifuniko chake: ile ya mwisho uliyoipika. Iko kabatini, ndani ya kitambaa chake cheusi. Anasema humwota mtu anapanda Dengfeng taratibu, mtaa hauna kelele, chupa kifuani, na safari hii ni yeye Anastazia anayeuliza kama mtoto amelala. Unatabasamu, unapita. Anaamka uso umelowa. Macho uliyomwachia, yote mawili, ndiyo yanayokulilia.

Unakumbukwa na mkeo Anastazia, binti yako Sarah, dada yako Dorothea, mdogo wako Robert, na Françoise, ambaye bado anatazama barabarani.

Lala, Baba Sarah. Hatutakusahau, wala hatutakuamsha.