Kura ya Kompyuta na Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi 2025

Upuuzi mtupu! Wamefika Navakholo na magari mawili, wamekodi ukumbi wa kanisa. Utafiti mpya — kuzuia ugonjwa wa akili kabla haujaingia. Waliolemewa na msongo lakini hawajaugua watakutana kila Jumanne, wazungumze, wafundishwe kupumua na kulala. Mate yao yapimwe. Mate! Kiwanda kimefungwa, miwa inakauka shambani, nao wanakusanya mate kwenye vichupa. Nimeandika makala kali ya gazeti.

Gentrix, mke wa mdogo wangu Shikanga, amenisihi. "Usiitume, wifi. Shikanga amekubali kuingia."

Alhamisi, 6 Machi

Sijatuma. Nimeenda kwao. Zamani Shikanga alikutania kabla hujafungua lango. Leo ameketi nyuma ya jiko, obusuma, ugali wake, inapoa mbele yake. Haongei. Halali. Gentrix amenong'ona: dawa ya kunyunyizia mahindi, yeye mwenyewe ameificha kwa jirani, mumewe asije akainywa.

Basi wapime mate, wapime hata jasho. Aingie tu.

Jumanne, 11 Machi

Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira. Shikanga ameingia ukumbini, viti vimepangwa duara, na mkabala naye — mama mkwe! Mamake Gentrix, naye ameathirika na miwa yake. Eti waketi uso kwa uso, waseme ya moyoni! Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe; akimwona njiani, Shikanga anajitosa mahindini! Shikanga alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, kofia ikabaki sakafuni. Mama mkwe alitoka kwa mlango wa mbele. Watafiti wameandika kwamba wote wawili wamejitoa. Wasomi!

Jumatano, 12 Machi

Nimemkabili Daktari Jerotich, mkuu wao. Mhamishe kundi, nikamwambia. Hawezi. Makundi yamegawanywa kwa kura ya kompyuta. Ukihamisha mmoja kwa huruma, matokeo hayaaminiki tena.

"Kura mnapiganga bila kuuliza nani ameoa kwa nani?"

Akasugua macho. "Hata kwetu mama mkwe anaheshimiwa. Lakini kompyuta haina mama mkwe."

Nusura nicheke. Nikazidi kukasirika, maana anasema kweli. Utafiti uliochezewa hauponyi mtu. Lakini usiojua watu wanavyoketi — huo unamponya nani? Tumevutana mpaka chai yake ikapoa. Neno lake la mwisho: hao wawili wakirudi kundi lilelile Jumanne ijayo, watahesabiwa. La sivyo, basi.

Ijumaa, 14 Machi

Shikanga: "Dada, afadhali niugue." Mzee wa kanisa ameshauri tuweke pazia kati yao. Pazia! Kwani ni harusi?

Nimeenda kwa mama mkwe nikiwa na hoja tele. Nimemkuta anapepeta maharagwe. Kwenye msumari mlangoni, kofia ya Shikanga — imefuliwa. Amenisikiliza bila kuacha ungo.

"Huyo mtoto ataniheshimu mpaka heshima imuue," akasema. Kisha: "Waweke kiti changu nje, chini ya dirisha. Nitawapa mgongo."

Hoja zangu zote nimerudi nazo nyumbani.

Jumanne, 18 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya ukumbi. Jerotich amekubali — kiti cha nje ni kiti cha kundi. Mama mkwe yuko chini ya dirisha, mgongo ukutani, leso imemfunika hadi machoni, ana kifurushi mapajani. Mimi nimesukumwa huku mbali nisisikie siri za watu. Sawa! Shikanga ameingia. Nimemwona kwa macho yangu.

Wengine wameongea. Kikohozi. Sasa sauti yake. Maneno siyapati, sauti tu — inaenda, inakatika, inaenda tena. Tangu kiwanda kifungwe sijaisikia ikienda hivi. Desturi inamtaka mama mkwe ainuke aondoke. Haondoki.

Jerotich amesogea dirishani, hili nimelisikia: "Na mwenzetu wa nje?"

Mama mkwe hajageuka. Amefungua kifurushi, ameinua mkono juu ya bega, ameupitisha dirishani kinyumenyume. Kofia! Jerotich amerudi nyuma, hakuigusa — ana akili huyu.

Mkwe hapokei kitu mkononi mwa mama mkwe. Kila mtu humo ndani anajua hivyo.

Viti vinakwaruza sakafu. Mkono bado uko dirishani — na vidole vya Shikanga vimeshika ukingo wa kofia.