Neno la Kufungulia

Haneti,
21 Novemba 1993

Binti yangu Angelina,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kikuyu, wewe na majirani zako wa nyumba ya kupanga. Mimi sijambo, ila goti. Mbuzi wako kumi na mmoja, hata yule kiguru bado anatembea. Mvua haijaja, lakini mawingu yameanza kukaa, na watu wameshatayarisha mashamba.

Nakuandikia juu ya jambo ambalo naona haya kumwambia mtu wa hapa. Siku tuliyomzika mama yako, wengine walipoanza kuondoka, mimi nilibaki nikamwambia pale pale kwamba mlango wa nyumba yake hautafunguliwa asubuhi kabla ya sala, kama alivyofanya yeye miaka thelathini na moja. Nilisema kwa sauti. Neno lililosemwa kaburini utalirudishaje?

Sasa tatizo ni kwamba sijui kusali. Usinicheke. Najua kwenda kanisani na kusoma kitabu pamoja na wenzangu, lakini sala ya nyumbani ilikuwa ya mama yako. Saa kumi na moja alfajiri alipuliza makaa, akapiga magoti, lile goti lake la kulia likalia kama kijiti kikavu, akaanza. Mimi nilikuwa ndani ya blanketi. Siku zote niliamka akiwa ameshafika katikati, anataja watu, kisha mifugo. Tangu tumpate huyu mbuzi kiguru, jina langu lilikuja baada yake. Alipofika mwisho alinyamaza, nami nikasema Amina. Yeye mwenyewe hakuisema kamwe, aliniachia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuitikia.

Siku hizi naamka saa ile ile, nakaa kwenye kigoda chake nyuma ya mlango, nasubiri. Ni kama behewa linalosubiri injini. Jua linapanda, mbuzi wanalia uani, na unajua tembe letu lina mlango mmoja tu, hawatoki bila kupita nilipokaa. Ikifika saa tatu nafungua kama mwizi, sijasema kitu. Imekuwa hivyo tangu Agosti.

Wewe ulilala naye karibu na jiko mpaka ulipokwenda sekondari. Niambie, mama yako alikuwa akianza na neno gani? Nikilipata la kwanza, mengine nadhani nitayaweza.

Basi, wasalimie wote wanaoniulizia.

Baba yako,
Gerson


Kikuyu, Dodoma,
30 Novemba 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori, nikafurahi kuona mwandiko wako haujatetemeka. Pole na goti. Lipake mafuta usiku, usilione dogo.

Mimi ni mzima. Kazini hali si nzuri. Shirika letu linauzwa, na kila asubuhi tunapita kwanza kwenye ubao wa matangazo kuangalia kama orodha ya wanaopunguzwa imebandikwa. Tunapiga chapa barua za watu wengine huku masikio yetu yakiwa koridoni. Mkuu wetu amesema atakayekosekana siku hizi ajue amejiandika mwenyewe. Kwa hiyo Krismasi sitaweza kuja. Nisamehe.

Kuhusu neno la Mama, sikumbuki, Baba. Nilikuwa mtoto, nikisinzia. Lakini nimekununulia kaseti ya mchungaji mmoja anayesali vizuri sana, zimejaa sokoni siku hizi. Iweke kwenye redio niliyowaletea mwaka juzi. Yeye ataanza na wewe utaitikia, kama ulivyozoea.

Kula vizuri. Usikae na njaa kwa ajili ya mlango.

Binti yako,
Angelina


Haneti,
12 Desemba 1993

Angelina mwanangu,

Marahaba. Kaseti imefika salama, nashukuru kwa kunifikiria.

Nilimwitikia mchungaji wako siku nne. Ana sauti nzuri, lakini ana haraka. Nilipotaka kusema Amina, yeye alikuwa ameshapita, anaombea wasafiri wa ndege. Siku ya tano mawe ya redio yakaanza kufa, sauti yake ikawa nzito kama ya ng'ombe, mbuzi wakaogopa. Nikaizima. Nilimweleza mwinjilisti Filipo kidogo tu, kwa kuzunguka. Akasema, mzee, omba kwa moyo, maneno yatakuja yenyewe. Yeye ana maneno. Aliyeshiba hajui njaa inavyokaa.

Mvua imenyesha Jumatatu, mvua kubwa ya kupandia. Watu walitoka na mbegu kungali na umande. Nikawasikia wakipita nje wakitaniana, na mimi niko ndani na mbegu zangu kwenye kibuyu, nimeshika komeo. Nilitaka kulitoa. Mkono ukakataa. Nikasema, ukifungua leo kwa sababu ya mvua, kesho utafungua kwa sababu ya mbuzi, na kesho kutwa hutakumbuka ulimwahidi nini. Tangu siku hiyo nimeacha hata kufungua saa tatu. Nafungua mchana, ninapokuwa nimechoka kujisikia vibaya. Shamba halijapandwa.

Jaribu tena kukumbuka. Alikuwa akivaa ile kanga iliyofungwa kwa kifungo cha koti langu. Ulikuwa ukishika pindo lake. Labda ukianzia kwenye kifungo, neno litafuata.

Basi, mwanangu.

Baba yako,
Gerson


Haneti,
27 Desemba 1993

Angelina,

Habari za Krismasi. Hapa tulikwenda ibada, nikarudi. Dorkasi, jirani yetu, aliniletea ugali na mlenda, nikala.

Barua yako haijaja. Sijui kama ile ya kwangu ilipotea njiani, au orodha imetoka, au nimekuudhi kwa kuuliza. Kama nimekuudhi, acha, tusiseme tena habari ya neno. Niandikie tu kwamba u mzima.

Mbuzi mmoja amekufa. Si kiguru.

Baba yako


Kikuyu, Dodoma,
4 Januari 1994

Baba,

Shikamoo. Ni mzima. Hujaniudhi. Orodha haijatoka. Barua zako zote mbili ninazo, nimezisoma mpaka mikunjo imechanika.

Sikujibu kwa sababu unaniomba kitu nilichokitupa. Nilikuambia sikumbuki. Ukweli ni kwamba kila ninapojaribu kumsikia Mama akisali, nasikia neno moja tu, la siku ile hospitalini, nami nafunga masikio. Sijasali tangu Agosti, Baba. Kanisani nakwenda kwa sababu wenzangu wa nyumba wananipitia. Nasimama, nakaa, natingisha midomo.

Nilikuambia Mama alilala kwa amani. Hukuniuliza zaidi, nikashukuru. Ilikuwa hivi. Alfajiri ile nilikuwa peke yangu naye. Nilimshika mkono nikaomba kwa sauti, nikaomba sana, mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukuta. Nilimwambia Mungu simwachii. Niliomba labda nusu saa. Kisha Mama akafungua macho akanitazama, akasema, "Basi."

Hilo tu. Hakusema jingine. Muuguzi alipokuja alikuwa ameshakwenda.

Alinikataza, Baba. Alichoka na kelele zangu. Au aliona kwamba ninaomba kitu ambacho kimeshakataliwa, akanihurumia. Tangu hapo nikifungua mdomo tu, neno hilo linanifunga. Wewe umekaa nyuma ya mlango wa Haneti, na mimi nina wa kwangu hapa, ila wa kwangu hauna hata mbuzi wa kunililia nitoke.

Usinijibu kwa mstari wa Biblia, tafadhali. Na upande shamba. Mama asingetaka ufe njaa.

Binti yako,
Angelina


Haneti,
16 Januari 1994

Mwanangu Angelina,

Marahaba. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa, nitakueleza.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka chini ya mto. Nilifikiri tu kwamba miezi yote hii umelibeba peke yako, na mimi nakuletea habari za kaseti.

Jumamosi nikaamka, nikakaa kwenye kigoda. Jua lilipochomoza Dorkasi akaja, akagonga. Unamjua alivyo. Akasema nje pale, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumbani kwa Batholomeo, "Shemeji, unaatamia mayai humo? Watu wanapalilia, wewe hujapanda."

Nikamwambia aende, nitafungua baadaye. Hakuenda. Akasema zamani alikuwa akija hapa kila alfajiri kuchukua kaa la moto, na hata yeye alisubiri nje mpaka nilipoitikia Amina ndipo akabisha hodi. Mlango huu anaujua kwa nje kuliko mimi ninavyoujua kwa ndani.

Angelina, sikuwahi kufikiria. Miaka yote ile kulikuwa na mtu nje ya mlango, macho, akisikiliza. Nikasogea karibu na ubao wa mlango nikamwuliza mke wangu alikuwa akianza na neno gani.

Akacheka. "Kwani wewe hukuwa ukimsikia? Mlilala nyumba moja."

"Nilikuwa nachelewa," nikasema.

Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwa nini mlango umefungwa. Aliposema tena alikuwa ameshusha sauti.

"Alianza na basi."

"Basi gani?"

"Basi. Basi, Bwana, tuendelee. Hivyo tu, kila siku. Kama watu waliokatizwa na usingizi."

Nilikaa chini. Si kwenye kigoda, chini kabisa, kwenye vumbi. Nilikuwa naiwaza ile barua chini ya mto.

Sisemi kwamba najua. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Nilikuwa hapa nalinda mbuzi, na hilo ni langu la kubeba. Yawezekana alichoka kweli. Lakini ilikuwa alfajiri, umeandika mwenyewe. Na watu wengine tunamalizia barua na neno hilo. Mama yako alianzia nalo. Mtu aliyefungua kila siku ya maisha yake kwa neno moja, mimi naona vigumu kuamini kwamba siku ile alifunga nalo. Nadhani alikusikia ukiomba, akajua saa imefika, akaanza. Hakufika hata kwenye mifugo. Na hapakuwa na mtu wa kuitikia, kwa hiyo sala ile iko wazi mpaka leo.

Dorkasi bado alikuwa nje. Nikapiga magoti, goti langu nalo likalia, tumeambukizana. Nikasema, basi, Bwana, tuendelee. Nikakwama. Nikaona nitaje watu, nikataja wachache. Nikataja mbuzi. Nilipofika kwa kiguru nilijua jina linalofuata ni langu, nikashindwa kujitaja mwenyewe, ikawa kama kujipakulia nyama. Nikaweka la kwako. Amina nikaisema mwenyewe. Ilisikika ndogo.

Halafu nikaondoa komeo. Dorkasi akapita, akachukua kaa la moto, ingawa nyumbani kwake siku hizi ana kiberiti.

Leo niliamka, nikafungua kungali na kigiza. Mbuzi walisimama wakanitazama, wamesahau kutoka saa hizo. Mtama umeshachelewa. Nitapanda uwele mtupu, tuone.

Sikukuwekea mstari wa Biblia.

Baba yako,
Gerson


Kikuyu, Dodoma,
2 Februari 1994

Baba,

Shikamoo.

Orodha ilibandikwa Ijumaa. Jina langu ni la saba. Nilisimama pale nikalisoma, nikaona kumbe nilikuwa nimebana pumzi tangu Novemba. Nitakabidhi mashine yangu mwisho wa mwezi, kisha nitakuja nikusaidie kupalilia huo uwele. Sijui baada ya hapo.

Barua yako niliiweka wiki nzima bila kujibu. Kuna siku naamini ulivyosema, kuna siku naona ni baba anayemfariji mtoto wake. Lakini jana alfajiri niliamka, nikakaa kitandani nikasema, basi. Nilitaka kuendelea, sikuwa na la kuendelea nalo. Nilikaa tu. Halikunifunga kama zamani, ila halikunipeleka popote. Nilichokosa hasa si maneno. Nilikosa mtu wa kuitikia.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Kila siku saa kumi na moja, mimi nitaanza hapa. Hutanisikia. Labda nitasema neno lile moja tu. Wewe ukimaliza ya kwako, ngoja kidogo, kisha uniitikie na mimi. Hiyo ndiyo kazi uliyoisomea.

Binti yako,
Angelina


Haneti,
13 Februari 1994

Basi, Angelina,

nimeitikia siku sita tangu barua yako ifike. Sijui unaomba nini, wala mahali unapofika. Kwa mama yako pia sikujua nusu ya kwanza.

Jumanne nilichelewa, kiguru alijifungua. Nikaitikia huko huko zizini, mikono imelowa. Kapata jike. Jina lako linabaki pale pale baada ya kiguru, ndipo mahali pa heshima katika nyumba hii.

Uwele umeota mistari mitatu. Ukija, usibishe hodi. Utakuta pamefunguliwa.

Amina.

Baba yako