Nilitangaza Kuwa Binti Yangu Amejiondoa

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada nikiwa mzee wa miaka sitini na tatu, mkaaji wa Uthiru, mume wa mke mmoja, na katibu wa tawi la chama chetu kwa miaka kumi na miwili, yaani tangu tawi lianze. Ni chama kidogo cha wahafidhina, tunasimamia kanisa, ardhi, nidhamu ya watoto na heshima kwa wazee, na tangu uchaguzi wa 2002 kimezidi kuwa kidogo. Mwaka huu binti yangu Debra, ambaye ni mwalimu wa sekondari, aliamua kugombea uenyekiti wa tawi dhidi ya Mzee Kiragu, mwenyekiti wetu wa siku zote na msimamizi wa harusi yangu, na sikumkataza kwa sababu nilidhani atashindwa.

Basi akaitisha mkutano pale Kangemi, akawaambia watu, “Tunajiita wahafidhina, si ndiyo? Tunahifadhi nini? Muulize mtu yeyote hapa atakwambia kanisa, shamba, familia. Hakuna mtu atakwambia tunahifadhi Mzee Kiragu.” Watu walicheka sana, hata mimi nilicheka, na Mzee Kiragu alikuwa ameketi kando yangu. Akaendelea kusema kwamba wapangaji na akina mama wa sokoni pia wanapenda nidhamu na kanisa, kwa hivyo waandikishwe, na kwamba tuache kuchagua viongozi kwa kupiga makofi, tutumie karatasi za siri. Nilienda nyumbani nikahesabu wajumbe wote arobaini na mmoja kichwani, nikaona atashinda, tena kwa wingi, na jambo linaloniaibisha ni kwamba kila alichosema niliona ni kweli.

Siku ya uchaguzi Debra alifika mapema na karatasi za kura alizochapisha mwenyewe, na mimi kama katibu nikazikagua nikamwambia zina kasoro, jina la tawi halipo, akachapishe nyingine. Akasema atakimbia Kangemi. Nikamwambia mashine ya Kangemi inachafua karatasi, afadhali aende Adams Arcade, na nilijua vizuri kutoka Uthiru hadi Adams Arcade ni mwendo mrefu kiasi gani. Alipoondoka nilisubiri dakika ishirini, nikasimama mbele ya wajumbe nikatangaza kwamba Debra amejiondoa kwa sababu za kifamilia, na nikijitetea kidogo, huo haukuwa uongo mtupu kwa maana mimi ndimi familia yake. Wakapiga makofi, Mzee Kiragu akapita, tukafungua soda.

Debra alirudi na bahasha ya karatasi, akatukuta tunakunywa. Aliuliza, “Kwani tumeanza?” Aliweka bahasha mezani taratibu, akatoka.

Tangu siku hiyo watu kumi na mmoja wamerudisha kadi, na mkutano wa mwezi huu tulikuwa sita, mmoja wao akiwa amekosea njia akitafuta kamati ya harusi. Mama Debra alipopata habari aliniuliza mara moja tu, “Baba Debra, ni familia gani hiyo ilikuwa na sababu?” na hajaongea nami tena ila kuniambia chakula kiko tayari.

Sasa Debra anaamini Mzee Kiragu ndiye aliyemchezea, kwamba ndiye aliyenidanganya kuwa amejiondoa nami nikatangaza tu. Ameandika rufaa kwa makao makuu, siku ya mwisho ni tarehe thelathini, na juzi ameniletea karatasi akaniambia, “Baba, wewe ndiye katibu na ulikuwa ndani. Andika tu ulichoona, usiongeze kitu.” Nikiandika uongo nimemharibia rafiki yangu jina, nikikataa atajua, na nikisema ukweli nitapoteza mtoto. Nishauri pia, sisi wahafidhina tunaelekea wapi?

Katibu, Uthiru

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, pole. Nimesoma barua yako mara mbili na naamini unampenda binti yako. Lakini umeniuliza maswali mawili, na la pili umelileta ili nisikukazie macho kwenye la kwanza.

Hukufanya hayo kwa ajili ya Kiragu. Uliogopa kuongozwa na mtoto uliyemfunza kusoma. Hofu hiyo naielewa, nina watoto. Ila acha huo mzaha wa “mimi ndimi familia.” Ulisema uongo mbele ya watu waliokuamini kwa miaka kumi na miwili.

Mimi pia ni mhafidhina. Naenda kanisani na kofia, na wanangu hawaniiti kwa jina. Kwa hivyo nisikilize: ukitaka kujua chama chako kinaelekea wapi, waangalie hao kumi na mmoja. Hawakuacha kanisa wala heshima. Walikuja kuchagua, wakapewa soda. Debra hakutaka kubomoa chochote, alitaka waingie wengi zaidi walinde kile unachokipenda wewe. Ukimfukuza mtu wa namna hiyo, utabaki ukihifadhi mihuri na kabati.

Fanya hivi. Mwite Debra nyumbani mchana, mama yake akiwepo, umwambie mwenyewe. Usianze na “nilikuwa nakulinda.” Akilia, nyamaza. Akiondoka, usimzuie mlangoni. Siku hiyohiyo nenda kwa Kiragu, umweleze kwamba hakuchaguliwa, asije akasikia kwa watu. Kisha andika ulichoona, na ulichoona ni wewe. Tia sahihi, ipeleke makao makuu kwa mkono wako, pamoja na barua ya kujiuzulu ukatibu.

Sikuahidi kwamba atakusamehe upesi. Huenda ukakaa Krismasi nzima ukitazama sahani. Lakini uchaguzi ukirudiwa, nenda kama mjumbe wa kawaida, upige kura yako kwa siri, usimwambie mtu. Na akitangazwa mshindi, simama upige makofi, halafu toka mbele, ukatafute nafasi kule nyuma.