Barua ya Tatu ya 'M'e Keneuoe na Mifuko Iliyogeuzwa

KAMATI YA MAZINGIRA, KIWANDA CHA JINZI, THETSANE, MASERU
Kumbukumbu za kikao cha Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, chumba cha chai, saa 8:10 mchana

Waliohudhuria ('M'e ni Mama, Ntate ni Bwana): 'M'e Nthati Sekonyela (Mwenyekiti), Ntate Moorosi Phafoli (fundi mkuu wa ukataji), 'M'e Limpho Motsoene (Katibu), Bw. Ramdin (makao makuu, Port Louis, kwa simu).
Aliyeitwa kujieleza: 'M'e Keneuoe Lebona, mkataji, meza ya nne.
Hakuhudhuria: Meneja. Udhuru haukutolewa. Chai yake ilinywewa.

KUMB. NA. 1/8/2023: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi sana, kwa kuwa Ntate Phafoli alikuwa ameshaanza kuzungumza.

KUMB. NA. 2/8/2023: BARUA YA ONYO
Ntate Phafoli alieleza kwamba makao makuu hutuma mpangilio mmoja wa kukata kitambaa kwa viwanda vyote vitano vya mtandao wa kampuni, katika nchi tano, ili vyote vipunguze mabaki kwa njia moja. 'M'e Keneuoe ameuvunja mara tatu. Hugeuza vipande vya mifuko ya jinzi, kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini. Barua ya tatu iko tayari, na kamati ikiipitisha, kazi yake inakwisha Ijumaa.

'M'e Keneuoe aliulizwa kama anakiri.

"Nakiri, Ntate. Ulitaka niache nafasi ya kiganja kizima kati ya mfuko na mfuko, halafu tuitupe?"

Ntate Phafoli alijibu kwamba kompyuta ya makao makuu haikosei.

"Hiyo kompyuta yako imewahi kupamba ukuta?"

Alifafanua kwamba ndivyo litema, michoro ya kupamba kuta za nyumba zetu, inavyochorwa, kama alivyofundishwa na mama yake. Umbo hugeuzwa likatazama mwenzake, na hakuna sehemu ya ukuta inayokaa bure.

"Hapa tunashona jinzi, 'M'e, hatusiribi nyumba!" alisema Ntate Phafoli. Mwenyekiti alimwomba ashushe sauti.

KUMB. NA. 3/8/2023: TAKWIMU ZA MTANDAO
Bw. Ramdin alisoma takwimu za miezi sita. Katika kila mita mia za kitambaa, viwanda vingine vinne hutupa mita kumi na nne. Meza ya nne ya Maseru hutupa tisa. Alikumbusha kwamba kila mita inayookolewa ni maji yaliyookolewa kule kitambaa kinakotiwa rangi. Akauliza Maseru inatumia kompyuta gani.

Wajumbe walimgeukia 'M'e Keneuoe.

"Inaitwa Keneuoe, bwana," alisema Mwenyekiti. "Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaifukuza."

Iandikwe kwamba vigelegele vilipigwa na kwamba Katibu ndiye aliyeanza. Mabaki hayo ndiyo yanayochomwa kwenye majiko mitaani kwetu kila majira ya baridi, na moshi wake mweusi tunauvuta sisi na watoto wetu. Katibu alijivuna na haoni sababu ya kuficha.

Bw. Ramdin aliomba mpangilio huo upelekwe viwanda vyote kwa jina la "Njia ya Mtandao Na. 12". 'M'e Keneuoe alikataa.

"Itaitwa Litema. Hamtaki, endeleeni kutupa."

Bw. Ramdin alikubali upesi.

Uamuzi: Barua ya tatu imefutwa, pamoja na mbili zilizotangulia. 'M'e Keneuoe anabaki kazini.

KUMB. NA. 4/8/2023: MENGINEYO
Ntate Phafoli alieleza, kwa shida, kwamba yeye kama fundi mkuu ndiye atakayetia sahihi mwongozo mpya wa viwanda vitano, na mpangilio wenyewe haujui. Aliomba afundishwe, ikiwezekana kwa faragha.

"Jumamosi tunapamba nyumba ya mama," alisema 'M'e Keneuoe. "Njoo asubuhi, Ntate, ukunje mikono ya shati. Udongo na samadi ya ng'ombe hukandwa kwa mikono."

Ntate Phafoli aliuliza kama glavu zinaruhusiwa. Mwenyekiti aliitisha kura. Glavu zilikataliwa kwa kura mbili dhidi ya moja. Bw. Ramdin hakupiga kura kwa sababu alikuwa anacheka.

Wajumbe walirudi kazini saa 9:05 alasiri.

......................................
'M'e N. Sekonyela, Mwenyekiti

......................................
'M'e L. Motsoene, Katibu