Kitambaa Kwenye Mdimu

Jumatano, 27 Januari 1965

Mishumaa tena. Baada ya vipindi hadi kengele ya chakula nilikuwa stoo na Sista Kolumba, tukikata karatasi za kukingia nta. Unachora duara kwa mdomo wa kikombe, unakata, unatoboa tundu katikati, unapitisha mshumaa. Bila karatasi nta inakudondokea mkononi. Sista anasema mwaka juzi msichana mmoja alipiga kelele kanisani. Mimi sitapiga. Mimi sipigi kelele hata nikikanyaga mwiba.

Nadhani ndiyo maana akanichagua. Kwa sababu sisemi.

Sikukuu ni Jumanne. Ni siku ya arubaini tangu Krismasi, Maria alipompeleka mtoto hekaluni. Padre atabariki mishumaa yote itakayotumika mwaka huu, kisha tutaandamana nayo kutoka uwanjani mpaka kanisani, jua likizama. Mimi nitatangulia na mshumaa mkubwa. Shule nzima nyuma yangu ikitazama kisogo changu. Nilipoambiwa nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema ndiyo, Sista. Kila kitu nasema ndiyo, Sista.

Joto halina huruma. Seng'enge imezunguka shule nzima. Bahari naisikia, siioni.

Alhamisi, 28 Januari

Sista amenieleza ya kwao, ng'ambo ya bahari. Sasa hivi huko ni baridi, giza linaingia mapema, ng'ombe wako zizini. Siku ya kwanza ya Februari wanasema baridi imevunjika mgongo. Kondoo wanaanza kuzaa, maziwa yanarudi. Ni siku ya Mtakatifu Brijida. Kabla ya Ukristo, anasema, kulikuwa na mwanamke mwingine wa jina hilohilo, wa moto na maziwa, na wazee walimmwagia maziwa mlangoni. Kesho yake ndiyo mishumaa. Anazisimulia sikukuu mbili kama ni moja.

Nilimfikiria nyanya na mbuzi wake huko kwetu Samburu, kwa Waduruma. Naye humwaga maziwa wakizaa.

Kwao husuka misalaba ya majani ya mtoni. Hapa tumetumia ukindu. Vidole vya Sista vimekakamaa, akasuka mmoja. Mimi nilisuka mpaka ukindu ukaisha.

Filomena akapita. Ni kiranja wa bweni letu, mtoto wa Mombasa. "Haya, Mduruma wetu fundi! Nyanyako kakufundisha na mengine?" Wenzake wakacheka. Wote wanajua nyanya ni mganga, kwa sababu Padre aliniuliza mbele ya darasa la katekisimu nami sikuweza kusema uongo. Masikio yaliniwaka.  Jibu lilinijia nikiwa kitandani, kama kawaida.

Jumamosi, 30 Januari

Dereva wa lori aletaye mahindi ya shule ametoka Samburu. Baba ananisalimu. Wote wazima. Yule mtu wa Mackinnon Road anayetaka kunioa amekuja tena, amekaa mpaka jua kuchwa.

Ana duka na meno mawili ya dhahabu. Ni rika la baba. Baba si mtu mbaya, ila hawezi kumkatalia mtu mkubwa usoni. Anamwambia: yuko shule, ngoja. Nilipokuwa naondoka aliniambia, maadamu shule imekushika nina neno la kumwambia. Siku watakayokurudisha sina.

Basi nisirudishwe. Nimekaa mwaka mzima nikiogopa hata kuvunja kikombe.

Jumapili, 31 Januari

Kabla ya rozari Sista aliniita nyuma ya kanisa. Alikuwa na kitambaa cheupe, urefu wa mkono wangu, kimechakaa katikati hata unauona mwanga. Ni cha mama yake. Mama yake alikitoa nje kila mkesha wa Brijida, na mama wa mama yake vilevile. Brijida akipita usiku anakigusa. Mwaka mzima kinaponya kichwa na koo, hata ng'ombe anayezaa kwa taabu. Mama yake alikufa Novemba. Kitambaa kimemfikia pamoja na rozari yake.

Kwao hufungwa kwenye mti wa miiba. Mti wetu wa miiba ni mdimu. Vidole vyake havikuweza, nikafunga mimi. Nilifunga kama nyanya afungavyo vitambaa kwenye vile vijiti vya marehemu wetu uani, kwa sababu sijui namna nyingine.

Sista akacheka kama msichana. "Mama Mkuu asijue. Yeye mtu wa mji. Atasema ni upagani." Nikasema sitamwambia mtu.

Halafu nikawaza. Padre alisema vitambaa vya nyanya ni vya shetani, nikirudi nyumbani nivifungue. Hiki ni cha nani? Sikuuliza.

Lakini ilikuwa raha kufunga. Naandika ukweli. Mwaka mzima sijafanya kitu kwa mikono yangu nikajua maana yake kama kile.

Jumatatu, 1 Februari



Sista aliamka kichwa kinamuuma, akachelewa kwenda kukifungua kitambaa. Filomena akatangulia, alikwenda kuchuma ndimu. Tukasikia, "Jamani! Jamani njooni mwone!" Shule nzima ikakimbilia kule. Wakakisogelea, wakarudi nyuma. Agneta wa bweni letu alikuwa akitapika tangu alfajiri. Mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana." Wote wakaamini hapo. Tumerogwa. Agneta amefungwa tumbo.

Mzee Bakari, bawabu, aliitwa akiondoe. Akakataa katakata. "Nina saumu, wanangu. Kitu kama hicho sikigusi." Lakini aliinama akatazama. Si mtu mbaya. Akasema tu alichokiona. "Fundo hili la Kiduruma. Hili hufungiwa koma, mizimu ya wafu wao."

Macho yote kwangu. Waduruma shuleni ni mimi peke yangu.

"Si ulikuwa huku jana jioni wewe?" Filomena. "Nilikuona kwa macho yangu haya mawili! Nilisema mimi. Huyu hazungumzi na sisi kwa sababu ana wa kuzungumza nao."

Ofisini Mama Mkuu alikiweka mezani, akakishika kwa ncha ya kalamu. Aliuliza kwa Kiingereza kama ni mimi niliyefunga. Nikasema ndiyo. Kwa nini? Nikanyamaza. Nani alikutuma, nyanyako? Nikanyamaza.

Sista Kolumba alikuwa amesimama kando ya kabati. Alinitazama mara moja, kisha akatazama sakafu. Nilimngoja. Naandika tena. Nilimngoja. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga na yeye anatazama sakafu.

Namchukia. Namchukia na bado sitamtaja. Sijui hiyo ni imani au ni woga.

Jumanne, 2 Februari

Asubuhi. Niko stoo. Mlango umefungwa kwa nje, dirisha lina nondo. Nimelala juu ya magunia. Mishumaa yetu yote iko hapa ndani na karatasi zake, nilizozikata mwenyewe. Harufu ya nta imeniingia mpaka kooni. Daftari hili nililificha kiunoni.

Mama Mkuu amekuja na sharti lake. Jioni, kabla ya maandamano, nisimame mbele ya shule nzima nikichome kitambaa kwa mshumaa uliobarikiwa. Niseme kwa sauti kwamba nayakataa mashetani ya nyanya yangu. Nikifanya hivyo yataisha, nitabaki. Nisipofanya, baba ataitwa. Hakusema kwa ukali. Anaamini ananiokoa. Mshumaa mkubwa amepewa Filomena.

Nikikichoma namchoma mama yake Sista. Nikiyasema yale maneno namchoma nyanya. Na nyanya ndiye aliyemwambia baba anilete shule. Baba hakutaka. Nyanya alikaa mlangoni kwake siku nzima, hakula, mpaka baba akakubali. Nikikataa, Mackinnon Road. Nikimtaja Sista, nani ataniamini? Mjukuu wa mganga anamsingizia mtawa.

Nimezunguka stoo hii tangu alfajiri. Hatua chache, ukuta. Hatua chache, magunia.

Mchana. Wanapita wakiimba ule wimbo wa Kilatini wa maandamano, wanajizoeza. Kwa Kilatini, Kiingereza na Kiswahili nimekwisha kuyatunga yale maneno ya Mama Mkuu. Yanatamkika kwa zote. Ni mepesi. Naogopa nitayasema. Ndilo ninaloliogopa kuliko meno ya dhahabu.

Jumatano, 3 Februari

Leo Idi. Ng'ambo ya seng'enge watoto wana nguo mpya. Naandika ya jana.

Walinitoa jua likiwa chini. Wote wamejipanga uwanjani na mishumaa. Padre alibariki, akanyunyiza maji. Kisha Mama Mkuu akanipa mshumaa mdogo, mtupu, bila karatasi, akaniwashia. Kitambaa kilikuwa kwenye sahani ya bati. Akasema, "Tunakusikiliza, mtoto."

Nilifungua mdomo. Yale maneno yalikuwa yamekaa ulimini kabisa. Nikatazama pale katikati palipochakaa, panapoonyesha mwanga. Mtu alikishika hapo miaka mingi.

Nikasema kwa Kiingereza, si changu, siwezi kukichoma. Mama Mkuu akasema, sema kwa sauti. Basi nikageukia wasichana nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia ikitoka kwangu. "Si changu hiki. Sichomi kitu cha mtu. Na nyanya yangu hana mashetani. Ana mbuzi."

Mtu akacheka nyuma.  Nta ilianza kunidondokea vidoleni. Sikupiga kelele. Nilijua yamekwisha, nikawaza vile nitakavyokunja blanketi langu.

Sista Kolumba akatoka kwenye mstari. Alitembea polepole, sketi ikiburuzika mchangani. Mama Mkuu alimwita kwa jina, hakusimama. Akakichukua kitambaa kwenye sahani, akakifunga kichwani kwake juu ya shela, mbele ya watu wote. Alionekana kama mama anayekwenda shamba. Akasema kwa Kiswahili, ili wasichana waelewe na si wazungu peke yao, "Ni cha mama yangu. Mimi nilimwomba Umazi anifungie. Jana niliogopa. Yeye hakuogopa."

Si kweli. Niliogopa sana.

Filomena aliutazama mshumaa mkubwa mkononi mwake kana kwamba umemgeukia. Padre alikohoa. Mama Mkuu amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Ndipo ng'ambo ya seng'enge sauti ikapasuka, "Mwezi umeandama!" na makopo yakaanza kugongwa kijiji kizima. Mzee Bakari akaacha lango wazi akakimbia kwenda kuutazama. Padre akasema, basi, twendeni na sisi.

Tulikwenda. Mimi na Sista nyuma kabisa. Upepo uliuzima mshumaa wake, akauwashia kwangu.

Sijamsamehe yote. Alichelewa siku nzima na usiku wake.

Jumamosi, 6 Februari

Sista ameondoka na gari la Padre. Amehamishiwa bara, huko kwenye baridi. Alisema labda itamkumbusha kwao. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, vidole vile vigumu, akaondoka. Kitambaa alikwenda nacho. Nilihakikisha. Ncha yake ilikuwa inaonekana kwenye mkoba.

Baba hakuitwa. Mama Mkuu amesema nitabaki, na ubatizo wangu wa Pasaka utafikiriwa. Kunitazama hanitazami.

Agneta amepona siku nyingi. Alikula mabibo mabichi, ya kuiba. Amekiri mwenyewe. Hakuna aliyeniomba radhi. Bwenini nikiingia wanapunguza sauti. Stoo sasa naingia peke yangu, kupanga vipande vya mishumaa vilivyobaki. Mlango nauacha wazi kwa jiwe.

Jumatatu, 15 Februari

Joto bado. Mbuzi wa nyanya watakuwa wamezaa sasa.

Leo Filomena alingoja wenzake watangulie kufua. Akaja karibu na kitanda changu, anachezea ufunguo wa sanduku lake.

"Umazi. Kile kitambaa... Sista alikiacha?"

Nikamwambia hakukiacha.

"Kichwa kinanigonga tangu juzi. Dawa ya matroni nimekunywa, wapi." Hakunitazama. Nilingoja aongeze neno jingine. Hakuongeza.

Nikampeleka kwenye mdimu. Uzi mmoja mweupe ulibaki kwenye mwiba siku ile walipokinyofoa, mfupi kama kucha. Naujua kwa sababu napita kuutazama. Nilimwonyesha tu. Alitazama nyuma kama kuna mtu. Kisha akainama, akapeleka paji la uso mpaka likaugusa.

Sikumcheka. Nililishika tawi ili miiba isimchome.

Kengele ikalia. Tukaenda kufua.